Chupa Zilizovikwa Soksi

Mwaka 2002 jarida la Lyon Mag, linalotoka katika jiji la Lyon huko Ufaransa, lilimtafuta mwonjaji wa mvinyo François Mauss limwulize kuhusu Beaujolais, eneo la vilima na mizabibu linaloanzia nje kidogo ya jiji hilo na kupanda kaskazini hadi karibu na mji wa Mâcon. Swali halikuja bure. Wakulima wa huko walikuwa wamekwama na mvinyo usionunulika, na zaidi ya katoni milioni moja za mavuno ya 2001 zilikuwa zimeishia kumwagwa au kugeuzwa spiriti ya viwandani. Mauss hakumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema wakulima waliziona dalili mapema wakazipuuza, na mvinyo wao akauita kwa neno ambalo mtu mzima hulitamka akishakanyaga kitu barabarani.

Wazalishaji walikwenda mahakamani. Januari 2003 mahakama ya Villefranche-sur-Saône iliwapa ushindi na kuliamuru jarida lilipe fidia nono, kiasi cha kulitishia kufunga ofisi. Baadaye mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa iliitengua hukumu hiyo.

Kinachofurahisha katika kesi hii ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na la kusema. Beaujolais ya wakati ule ilijaa mvinyo wa harakaharaka, uliosukumwa sokoni kwa matangazo. Lakini kwenye vilima hivyohivyo, katika kijiji cha Villié-Morgon, Marcel Lapierre na jirani zake walikuwa wakitengeneza mvinyo ambao wanunuzi wa ng'ambo waliugombania. Zabibu ni ileile, umbo la chupa ni lilelile, na bei hazikupishana kwa kiasi cha kutisha. Hakuna jaji ambaye angezitenganisha chupa hizo kwa kusoma vifungu vya sheria. Ile ilikuwa kazi ya ulimi.

Na ulimi unaofaa kwa kazi hiyo si lazima uwe wa tajiri. Mvinyo wa bei mbaya una wapambe wake: jina, kasri lililochorwa kwenye lebo, na mwenye nyumba anayeusimulia dakika kumi kabla ya kuufungua. Mgeni anajua la kusema hata kabla glasi haijafika mdomoni. Mvinyo mwekundu mwepesi, ule unaouzwa katika maduka ya Ufaransa kwa chini ya yuro 10, hauna mpambe. Anayeuonja hana budi kusema alichokikuta, na kama hakukuta kitu, hana pa kujificha. Ndiyo maana ustadi wa kuonja unapendeza zaidi pale chini, kwenye chupa za kawaida, mezani na marafiki, huku mtu akiomba apitishiwe mkate.

Wepesi wenyewe si udhaifu. Mvinyo mwekundu huitwa mwepesi ukiwa na rangi ambayo vidole vinaonekana upande wa pili wa glasi, kileo cha asilimia 12 au 13, uchachu wa kutosha kufanya mate yatiririke, na ukakasi kidogo tu, ule unaokausha ulimi kama zambarau ambayo haijaiva vizuri. Mvinyo mzito huweza kufunika kasoro zake kwa harufu ya pipa la mwaloni na kwa nguvu ya kileo. Mwepesi hauna blanketi hilo. Zabibu zikivunwa mbichi, utasikia majani. Tangi likiwa chafu, utasikia zizi. Kizibo kikiwa na ugonjwa, utasikia boksi lililolowa mvua, na utalisikia mara moja.

Zabibu ya Beaujolais inaitwa gamay, na ilikuwa na kesi karne sita kabla ya ile ya Lyon Mag. Julai 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundy, aliamuru mizabibu hiyo ing'olewe katika nchi yake, akiituhumu kuwa mmea mbaya, usioaminika, unaodhuru wanaounywa mvinyo wake. Kosa lake halisi lilikuwa kuzaa sana. Mkulima mwenye familia aliupenda mzabibu unaokomaa mapema na kujaza vikapu. Mtawala aliyetaka jina la Burgundy lisimame juu ya zabibu ya pinot noir peke yake aliona unamharibia soko. Amri ikatoka, na gamay ikasogea kusini.

Mwaka 1999 wanasayansi waliopima vinasaba vya mizabibu ya kaskazini mwa Ufaransa walitoa matokeo ambayo yangemkera sana Philippe. Gamay ni mtoto wa pinot noir yenyewe, iliyochanganya damu na mzabibu wa kishamba uitwao gouais blanc. Chardonnay, ambayo leo watu huilipia fedha nyingi katika Burgundy ileile, ni ndugu yake: wazazi wote wawili ni walewale. Mtawala alikuwa amemfukuza mtoto wa nyumbani.

Kusini, kwenye miteremko ya granaiti, mtoto huyo alipata kwao. Sehemu ya kusini ya Beaujolais ina udongo wa mfinyanzi na chokaa, na mvinyo wake ni wa kunywa bila kufikiri sana. Sehemu ya kaskazini ndiyo yenye granaiti, na humo mna maeneo 10 yanayoruhusiwa kuandika majina yao peke yao kwenye lebo: Fleurie, Chiroubles, Morgon, Moulin-à-Vent, Brouilly na mengine. Kwa mnunuzi mwenye jicho kali hapo pana faida. Watu wengi wakisikia Beaujolais hukunja uso, na wakiona Morgon hawajui kama ni Beaujolais. Kati ya dharau na kutojua, bei imebaki ya kibinadamu.

Namna mvinyo huu unavyotengenezwa ndiyo inayoeleza kwa nini unateleza hivi. Mvinyo mwekundu wa kawaida huanza kwa kupasua zabibu. Huko Beaujolais vichala huvunwa kwa mkono na kumiminwa tangini vikiwa vizima, pamoja na vikonyo vyake. Zabibu za chini hupasuka kwa uzito wa zile za juu; maji yake hukutana na hamira, na uchachukaji huanza. Hewa ukaa inayotoka humo hupanda, huifukuza oksijeni na kuzizingira zabibu zilizobaki. Zikikosa pumzi, zabibu hizo hujigeukia zenyewe: vimeng'enya vilivyo ndani ya kila tunda huanza kuigeuza sukari kuwa kileo bila msaada wa hamira, hadi asilimia 2 hivi, na wakati huohuo hupunguza ule ukali unaofanana na wa tufaha bichi. Rangi nayo hutoka kwenye ganda na kuingia ndani. Mtu akichomoa zabibu moja baada ya siku kadhaa na kuipasua kwa meno, atakuta nyama imegeuka waridi, ina vipovu vidogo vinavyochoma ncha ya ulimi, na ladha ambayo si ya tunda tena wala bado si ya mvinyo.

Kisha maganda hulegea na kila kitu hukamuliwa. Maji mekundu yanayochuruzika kutoka mashine ya kukamulia, yakiwa bado na utamu wa sukari, watu wa huko huyaita paradis, na wavunaji huyanywa papo hapo wakiwa wamesimama. Kwa kuwa kokwa na maganda hayakukorogwa kwa muda mrefu ndani ya kileo, ukakasi unaobaki ni wa kugusa tu.

Mtu aliyeusoma mchakato huu kuliko wenzake alikuwa Jules Chauvet, mfanyabiashara wa mvinyo na mkemia wa kijiji cha La Chapelle-de-Guinchay, aliyefariki mwaka 1989. Alijulikana kwa pua yake. Lakini pua hiyo aliiweka chini ya nidhamu ya maabara: alipenda zabibu safi, hamira inayokuja yenyewe na maganda kutoka shambani, na salfa kidogo iwezekanavyo. Lapierre na wenzake watatu, Jean Foillard, Guy Breton na Jean-Paul Thévenet, walimfuata, na mfanyabiashara Mmarekani Kermit Lynch akawa anaipeleka mivinyo yao Marekani. Wapenzi wa kile kinachoitwa leo mvinyo wa asili, wanaokizungumzia kana kwamba ni dini mpya, wengi wao wanatembea kwenye njia iliyofagiliwa na mkemia huyu wa kijijini aliyevaa koti jeupe.

Uharaka nao una harufu yake. Beaujolais Nouveau, mvinyo mchanga unaofunguliwa Alhamisi ya tatu ya Novemba tangu mwaka 1985, huwa umekaa wiki chache tu tangu zabibu zikatwe. Aina fulani za hamira, zikifanya kazi kwenye zabibu nzima, huzalisha kwa wingi kemikali ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Mtu wa Moshi anayeijua mbege, au wa Bukoba anayeijua rubisi, ataitambua kabla Mparisi hajamaliza kuzungusha glasi. Georges Duboeuf, mfanyabiashara aliyefariki mwaka 2020, aliigeuza Alhamisi hiyo kuwa sikukuu iliyofika hadi Tokyo. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na Nouveau ilitembezwa kwa ndege. Hata hivyo haki itendeke: ikitengenezwa na mtu makini, ni kinywaji cha furaha, na ndizi ndani yake haionekani.

Nyumbani kwa mvinyo huu ni meza ya Lyon. Watu wa jiji hilo hutania kuwa lina mito mitatu: Rhône, Saône na Beaujolais. Katika migahawa midogo iitwayo bouchon, mvinyo huletwa kwenye chupa yenye kitako kinene cha kioo, yenye ujazo wa sentilita 46, isiyo na lebo yoyote. Chakula ni soseji, utumbo, miguu ya nguruwe, jibini laini lililokorogwa na vitunguu na majani. Wafumaji wa hariri wa karne ya 19 walikula mlo wa namna hiyo asubuhi, baada ya saa ndefu za kazi. Mvinyo uliozaliwa kukata mafuta ya utumbo saa tatu asubuhi haukukusudiwa kuhutubiwa. Kazi yake ni kusafisha kinywa ili tonge linalofuata liwe tamu kama la kwanza.

Ndiyo sababu kuuonja peke yake, bila chakula, kwenye ukumbi mweupe wenye kimya, ni kuudhulumu.

Vipi basi marafiki wanaonja kwa ustadi na bado wanakula? Mbinu iliyozoeleka ni rahisi hata kuaibisha. Kila mgeni anakuja na chupa moja, bei ikiwa imewekewa kikomo. Mtu asiyekunywa, na karibu kila familia ya Afrika Mashariki inaye, anazichukua jikoni, anazifungua, anazivika soksi ndefu hadi shingoni na kuzifunga namba. Karatasi na penseli zinagawiwa. Chupa moja ya mililita 750 inatosha kabisa watu wanane kuonja na bado pakabaki ya kunywa. Kikombe cha kutemea kinawekwa, nacho si adabu mbaya: waonjaji wa chai wa Mombasa, ambao hupitia mamia ya vikombe kwa siku kabla ya mnada, hufyonza kijiko kwa kelele kubwa na kutema kila kimoja, na hakuna anayewaita washamba. Wanaofyonza wanajua wanachofanya. Hewa inayoingia pamoja na kinywaji huipandisha harufu kutoka nyuma ya mdomo hadi puani, na sehemu kubwa ya kile ambacho watu hukiita ladha hutokea huko.

Sheria ya kwanza ni kuandika kabla ya kusema. Yeyote anayefungua mdomo kwanza huwaharibia wengine. Akisema "karafuu", meza nzima itaisikia karafuu. "Shemeji, funga mdomo mpaka tumalize," ndiyo kauli ambayo mwenye nyumba mzuri anaruhusiwa kumwambia hata mkubwa wake usiku huo. Na shemeji, akiwa mtu wa heshima, atacheka na kuinama kwenye karatasi yake.

Glasi huinamishwa juu ya karatasi nyeupe. Ukingo wa rangi hueleza umri: gamay changa ina mpaka wa zambarau, iliyokaa miaka kadhaa inaelekea kutu. Kisha kunusa, mara mbili fupi, kwa sababu pua huchoka upesi. Kisha tama moja ndogo inayozungushwa mdomoni. Hapo mwonjaji anajiuliza maswali yasiyohitaji ushairi: mate yanakuja au hayaji? Ufizi umekauka? Koo linachomwa? Na ladha, ikishamezwa au kutemwa, inakaa muda gani? Mambo ya matunda yanafuata baadaye. Profesa Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliandaa miaka ya 1980 gurudumu la harufu za mvinyo ili waonjaji waache kusema "laini" na "adhimu" na waanze kutaja vitu vinavyonuseka. Matunda yake mengi ni ya kwao: cheri, rasiberi. Mezani Tanga mtu ataandika zambarau, forosadi, ukwaju, ubuyu, na gurudumu halitapinduka kwa hilo.

Sababu ya kuwa wengi mezani si uchangamfu peke yake. Mwaka 2008 watafiti wa Australia waliitambua rotundoni, kemikali inayoipa pilipili manga na baadhi ya mivinyo mekundu harufu yao, na wakakuta kuwa takriban mtu mmoja kati ya watano hainusi kabisa, hata ikiwa nyingi. Mtu huyo anaweza kuwa mwonjaji hodari wa mengine yote na akaapa kuwa namba 3 haina pilipili. Haongopi. Pua yake ina tundu, na kila pua ina lake mahali fulani. Marafiki sita wenye matundu sehemu tofauti huziba mapengo ya wenzao kwa namna ambayo bingwa mmoja hawezi, na mabishano ya mezani, yale yanayoonekana kama ukaidi, mara nyingi ni ripoti sahihi kutoka pua mbili tofauti.

Soksi nayo inahitaji utetezi, maana kuna wanaoiona kama mchezo wa watoto. Mwaka 2001 Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha jaribio walilofanya Bordeaux: wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yalikuwa yamekwisha kuandika majibu. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliwanywesha watu mvinyo mmoja mara mbili, mara moja wakiambiwa ni wa dola 10 na nyingine dola 90. Wakati wakinywa ule wa "dola 90" walisema ni mtamu zaidi, na kipimo cha ubongo kilionyesha kuwa hawakuwa wakijidai. Walifurahi kweli. Mwaka huohuo uchambuzi wa zaidi ya mionjo 6,000 iliyofanywa bila kuona lebo ulionyesha kuwa watu wasio na mafunzo, bei ikifichwa, waliipenda mivinyo ghali pungufu kidogo kuliko ile rahisi.

Hapa wenye dharau hurukia hitimisho kwamba kuonja ni uongo mtupu. Wanakosea. Majaribio hayo yanaonyesha jinsi ulimi unavyoburuzwa na macho na masikio, kwa hiyo ustadi ni kuyaziba macho, na soksi hufanya hivyo bila gharama. Robert Hodgson, profesa mstaafu mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo California, aliwapima majaji wa mashindano ya jimbo lake kwa kuwapa mvinyo uleule mara tatu katika mfululizo mmoja bila kuwaambia. Takriban mmoja kati ya kumi tu ndiye aliyeweza kuupa alama zinazokaribiana. Kumi kwa mia ni wachache. Lakini wapo. Hila yake inafaa kuibwa: mwenye nyumba aimimine chupa moja chini ya namba mbili na anyamaze. Aliyeipa moja sifa na nyingine lawama atajifunza mengi zaidi jioni hiyo kuliko katika kitabu chochote cha mvinyo.

Duru ya kwanza huonjwa kavu. Ya pili huonjwa na chakula, na hapo msimamo hugeuka. Ukakasi wa mvinyo hushikana na protini za mate, ndiyo maana mdomo hukauka. Nyama yenye mafuta hulainisha hali hiyo, na kwa nyama choma hata mvinyo mzito hupona. Pilipili ni habari nyingine. Kileo huongeza moto wake, hivyo mvinyo wa asilimia 15 ukikutana na kachumbari yenye pilipili mbuzi, kinachobaki ni machozi. Mwepesi wa asilimia 12, uliopoa kidogo, hutuliza. Samaki naye ana kesi yake ya zamani na mvinyo mwekundu. Mwaka 2009 watafiti wa kampuni ya Mercian ya Japani walionyesha kuwa mkosaji mkubwa ni madini ya chuma: mvinyo ulio na chuma kingi ndio unaoacha shombo mdomoni ukiandamana na vyakula vya baharini. Baadhi ya mivinyo mekundu haina chuma kingi, na samaki wa kupaka, mwenye tui na ndimu, anaweza kuketi na gamay kwa amani. Si kila gamay. Ndiyo maana ya kuonja.

Kuhusu joto, ushauri wa vitabu umewapotosha wengi. Kusema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba kulitoka katika nyumba za Ulaya zisizo na mitambo ya kupasha, ambamo chumba kilikuwa na nyuzi 16 au 18. Sebule ya Dar es Salaam mwezi Februari ina nyuzi 30. Katika joto hilo kileo hupanda puani na tunda hutoweka. Mvinyo mwepesi huwa supu. Beaujolais hunywewa kwenye nyuzi 12 hadi 14. Saa mbili hadi tatu za friji, au zaidi kidogo kama umeme ulikatika mchana, zinatosha, na mgeni anayeshangaa kuona mvinyo mwekundu ukitoka kwenye friji atakuwa amenyamaza kufikia glasi ya pili.

Kwa msomaji wa Nairobi au Arusha, chupa ya Morgon haipatikani kila duka, na ikipatikana, usafiri na ushuru huwa vimeipandisha cheo. Rafu za maduka makubwa zimejaa mvinyo wa Afrika Kusini, na kati yake mna kitu kinachofaa kwa kazi hii: cinsault. Zabibu hii ya kusini mwa Ufaransa ilipandwa Rasi kwa wingi mno, ikatumika miaka mingi kujazia mivinyo ya bei ya chini bila kutajwa, na mwaka 1925 profesa Abraham Perold wa Stellenbosch aliizalisha na pinot noir kupata pinotage. Sasa mizabibu mikongwe ya cinsault, iliyoachwa na wengi, inatoa mvinyo wa rangi hafifu wenye harufu ya matunda mekundu, na bei ya mingi bado haijachangamka. Chile nayo ina país, iliyoletwa na Wahispania karne ya 16, iliyodharauliwa kwa muda mrefu na wenye mashamba makubwa, na ambayo watengenezaji kadhaa wa maeneo ya Maule na Itata siku hizi huichachua kwa vichala vizima, mtindo wa Beaujolais.

Na ipo Dodoma. Mizabibu ya huko huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Villié-Morgon hawezi hata kuliota. Mvinyo wake mwekundu unaojulikana zaidi hutengenezwa kwa zabibu iitwayo Makutupora, jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu, na soko la ndani limeuzoesha kuwa ama mkavu na wenye nguvu au mtamu wa kulewesha haraka. Wepesi haujawa sifa inayotafutwa. Lakini vichala vizima, tangi lililofunikwa na hewa ukaa inayojitokea yenyewe havihitaji granaiti ya Ufaransa, na mchana wa Dodoma una joto ambalo lingeomba mvinyo wa namna hiyo. Atakayejaribu tangi moja tu atakuwa na wanunuzi miongoni mwa watu wanaokula mishkaki jioni na hawataki kulala mezani.

Mwisho wa mlo mwenye nyumba hukusanya karatasi na kuzivua soksi. Kuna desturi moja ya waonjaji inayostahili kushikwa: kabla ya kujumlisha alama, chupa hunyanyuliwa moja moja kuona kilichobaki ndani. Mara nyingi iliyopewa alama za juu kwenye karatasi bado ina nusu, na iliyosifiwa kwa maneno mawili tu imekauka, kwa kuwa mikono ilikuwa ikiifuata yenyewe kila sahani ilipopita. Matokeo yote mawili yaandikwe, pamoja na bei ya kila chupa. Iliyobaki nusu izibwe na kurudishwa kwenye friji. Mvinyo mwepesi unavumilia siku moja au mbili, na mara nyingine gamay iliyogoma kusema usiku hufunguka kesho yake mchana, kwenye kiporo cha pilau.